Maputo ya kumkumbuka baba

SWALI: Shikamoo Shangazi. Baba yetu alikuwa mvuvi hapa Tanga, na mwezi ujao anatimiza mwaka tangu afariki. Ndugu zangu wanataka turushe maputo 200 ya gesi pale Raskazone, kando ya bahari. Muuzaji anasema ni ya mpira wa mti, yanaoza kama jani. Roho yangu inasita. Niwaambieje?
Binti wa mvuvi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Waambie wasirushe.

Mpira wa mti kweli ni wa asili, lakini kiwandani huchanganywa na kemikali na rangi, na baharini puto hukaa miezi mingi bila kuoza. Likipanda juu sana hupasuka, vipande vikashuka majini vikielea kama konyeza, yule kiumbe laini wa baharini, na konyeza ni chakula cha kasa. Akimeza, utumbo unaziba. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walieleza kwamba ndege wa baharini aliyemeza kipande cha puto yumo katika hatari ya kufa mara 32 zaidi ya aliyemeza plastiki ngumu, kwa sababu kile laini hunasa tumboni. Nyuzi nazo huwafunga miguu.

Kwa kuwa mzee alikuwa mvuvi, wasimulie ndugu zako ya Cleveland, Marekani. Tarehe 27 Septemba 1986 walirusha maputo karibu milioni 1.5 kwa ajili ya harambee. Mvua na upepo vikayarudisha chini, yakatapakaa Ziwa Erie, siku hizohizo wavuvi wawili walipokuwa wanatafutwa. Sisemi maputo ndiyo yaliyowaua. Lakini waokoaji walitazama maji yaliyojaa vitu vya mviringo vinavyoelea, wakashindwa kujua kipi ni kichwa cha mtu. Wote wawili walikutwa wamekufa. Mimi nikifikiria familia zao nashindwa kuendelea.

Ulizeni pia ni gesi gani. Heliamu haiwaki, ila haidrojeni hulipuka: Yerevan, Armenia, Mei 2012, maputo yaliwaka mkutanoni na watu zaidi ya 100 wakaungua. Na yale yanayong'aa kama bati yakigusa nyaya za umeme huleta hitilafu.

Someni dua, pikeni, waiteni wavuvi wenzake wamsimulie kwa wajukuu. Kama maputo mmeshanunua, yajazeni hewa ya pampu, yafungeni ndani ya nyumba, kisha myatoboe na kuyatupa jalalani pamoja na nyuzi zake.