Nyama za paja zilizochanika: maumivu kuisha sio kupona

Mkuu umeuliza kama ucheze fainali ya Jumapili, nyama za nyuma ya paja zilichanika wiki tatu zilizopita na sa hivi husikii maumivu kabisa. Usicheze. Nakwambia hivi kwa sababu paja langu la kulia limechanika mara tatu, palepale.

Mara ya kwanza nilikuwa winga wa timu ya mtaani, nafukuzia mpira mrefu nikahisi kama nimepigwa jiwe nyuma ya paja, mpaka nikageuka kuangalia nani karusha. Nikakaa wiki mbili na nusu, barafu, kuchuliwa, maumivu yakakata, kocha akanikimbiza raundi sita za uwanja taratibu akasema huyu yuko fiti. Dakika ya ishirini tu ya mechi chwaa, na hiyo ya pili ikanila miezi mitatu. Ya tatu sitaki hata kuisimulia, ilinikuta mazoezini siku ambayo wala sikuwa nimepasha misuli vizuri.

Nilichokuja kuelewa baadae ni kwamba zile raundi hazikupima kitu. Hizi nyama mara nyingi zinachanika ukiwa kwenye spidi kali, pale mguu umetupwa mbele na unyayo unakaribia kugusa chini, yani zinavutwa huku zenyewe zinashika breki. Kujogi hakufiki huko, kwaiyo unaweza kujogi mwezi mzima bila maumivu alafu ukatoka mbio moja tu ya kweli ukarudi chini.

Na sio sisi wa mchangani tu. Utafiti wa klabu kubwa za Ulaya unaosimamiwa na UEFA, kuanzia msimu wa 2001/02 mpaka 2021/22, ulikuta 18% ya majeraha ya nyama za paja ni ya kurudia, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yalitokea ndani ya miezi miwili tangu mchezaji arudi uwanjani. Hao wana madaktari kila siku! Michael Owen, yule mshambuliaji wa Liverpool na England, alichanika 1999 akiwa na miaka 19 tu, na nyama za paja zikamsumbua mpaka anastaafu.

Kilichonisaidia mimi ni zoezi la Nordiki. Unapiga magoti kwenye godoro, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajiachia mbele polepole mwili umenyooka, unajizuia kwa nyama za nyuma mpaka zinashindwa ndo unajidaka kwa mikono. Anza na chache sana maana siku ya pili utatembea kama mzee, na usianze mpaka uweze kukunja goti kwa nguvu bila maumivu. Pamoja na hilo nikawa napandisha spidi kidogokidogo, nusu, robo tatu, mpaka nikakimbia spidi yangu yote mazoezini siku kadhaa tofauti, ndo nikagusa mechi. Mwaka wa nne huu sijaumia.

Ila nijibu kitu kimoja kabla hujaanza lolote: ulipoumia ulisikia mlio juu karibu na kalio, na paja likavilia damu eneo kubwa? Kama ndio, kapige picha ya MRI au ultrasaundi kwanza, maana kano (ile kamba inayoshikiza nyama kwenye mfupa) ikichomoka hilo sio la mazoezi, unaweza kuhitaji upasuaji.