Diploma Yako Ina Uzito, Usikubali Kuanzishwa Upya

Wiki iliyopita msomaji wa Lamu aliniandikia. Ana diploma ya afya ya mazingira, anataka digrii ya afya ya umma, na ameambiwa ataanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka sekondari jana. "Dada, ndivyo ilivyo?" Sivyo, mpenzi wangu. Na kwa kuwa najua mko wengi, namjibu hapa mbele ya watu.

Mimi ni wa hapa Malindi. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari Kenya, nilipata C, na mlango wa moja kwa moja wa digrii unataka C+. Nikasoma diploma kwanza, miaka mitatu, kisha nikaajiriwa. Jamaa zangu wa damu kabisa walisema diploma ni ya walioshindwa. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Leo nina digrii yangu, alhamdulillahi, nami nina haki ya kuisema.

Chuo kikuu cha kwanza nilichoomba, karani alishuka na kalamu kwenye transkripti yangu, ile karatasi ya matokeo ya diploma, somo baada ya somo. "Haya hayafanani na yetu." Ukurasa wa pili hakuufungua. Nilitoka pale koo limenikaba.

Lakini nilipata funzo. Transkripti humwonyesha mtu jina la somo na alama, basi. Haimwambii ulifundishwa nini, wala kwa saa ngapi. Nikarudi chuoni kwetu nikaomba silabasi ya kila somo, pamoja na saa za darasani na za mafunzo ya nyanjani, mkuu wa idara akapiga muhuri kila ukurasa. Nikaenda kuzijalidi, na pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu ni somo lipi la digrii linalolingana na lipi. Chuo kingine, mhadhiri alisoma ukurasa wangu wa maji: kupima kisima, kutia klorini, umbali wa choo na kisima. Akafunga kitabu akasema, "Hili umelisoma." Nikasamehewa masomo mengi, yaani sikulazimika kuyasoma tena. Takwimu walikataa, nikaisoma upya.

Kwa hiyo silabasi, ndugu zangu. Silabasi yenye muhuri! Iombeni sasa, walimu wenu wangali idarani na mitaala haijabadilishwa. Anayetoka Lamu ana boti hadi Mokowe, kisha basi la Witu na Garsen mpaka Malindi, na Kilifi bado iko mbele, ambako Pwani University inafundisha digrii za afya ya umma na uuguzi. Safari hiyo si ya kufuata karatasi moja uliyoisahau. Piga simu kwanza, uliza wanataka nini, tuma nakala kwa barua pepe.

Na msikubali ahadi ya mdomo. Orodha ya masomo uliyosamehewa iwe kwenye barua yenye sahihi kabla hujalipa hata shilingi ya karo. Msiniambie mnaona haya kuuliza. Aliyekaa ofisini ameajiriwa ajibu. Halafu hakikisheni digrii yenyewe inatambuliwa na baraza la taaluma yenu. Sisi wa afya ya umma tuna baraza letu kwa sheria ya 2013, wauguzi wana lao, na bila usajili wa baraza hiyo digrii haikuruhusu kufanya kazi. Waulizeni baraza wenyewe, si wakala wa chuo.