Umebadili pedi mwenyewe na breki zinalia? Usikimbilie kununua nyengine

Pedi mpya za breki zikianza kulia baada ya kuzifunga nyumbani, neno la kwanza la watu ni "feki hizo". Mtu anarudi dukani, ananunua seti ya bei zaidi, anafunga, na mlio uko pale pale. Nimefunga pedi za gari langu na za jamaa zangu hapa Unguja kwa miaka sasa, na mara nyingi tatizo silioni kwenye pedi. Liko kwenye vyuma vinavyoishika, na kwetu visiwani vyuma hivyo vinaliwa na chumvi mapema mno.

Mlio wa breki ni mtetemo. Pedi ikiikamata diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, lazima itetemeke kidogo. Ikikaa sawasawa, na vibati vyake viko mgongoni, mtetemo ule unamezwa. Ikikaa upande au ikilegea, ndipo inapopiga kelele mtaa mzima ukageuka.

Binamu yangu anakaa Jambiani, na gari lake, Toyota IST, linalala karibu na bahari. Nilipolifungua, pedi alizozitia juzi tu zilitoka kwa kugongwa nyundo. Nikang'oa vibati vyengine vyembamba, vya kwenye braketi, yaani chuma ambacho pedi inakaa ndani yake, chini yake kutu imefanya magamba manene, imevisukuma juu, pedi haina pa kuteleza. Imekwama kama mlango wa mbao wakati wa masika. Nilikwangua kwa brashi ya waya na tupa mpaka chuma kikaonekana, nikatia vibati vipya, pedi zikaingia kwa kusukuma na vidole. Kipimo ni hicho hicho: ikiwa unahitaji nyundo kuingiza pedi, kazi ya kusafisha bado.

Kabla ya kufika huko, tafadhali, gari likae pahala tambarare, magurudumu mengine uyazuie kwa mawe au magogo, na ulitie stendi. Jeki peke yake usiiamini. Kalipa, yaani chuma kinachozibana pedi kwenye diski, ukishaifungua itundike kwa waya, usiiache ining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwani ni baya kwa mapafu. Lilowanishe ulifute kwa kitambaa.

Kisha chomoa pini ambazo kalipa inatelezea. Watu wengi hawazigusi kabisa. Ukikuta pedi ya ndani imelika kuliko ya nje, shuku pini iliyokauka. Ifute, itie grisi ya silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi usiitie hapo, inavimbisha raba na pini inakwama upya. Grisi ya breki inayostahimili joto paka kidogo sana kwenye mgongo wa pedi na kwenye masikio yake yanayokaa ndani ya braketi. Uso unaogusa diski usiguswe na grisi hata tone. Pedi iliyolowa mafuta usihangaike kuisugua, itupe, na ubadili zote za ekseli ile, kulia na kushoto.

Diski nayo itazame. Ukingo wa kutu ulioinuka pembeni unaweza kuikwaruza pedi mpya. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikishapungua hapo, nunua diski. Na kama unachosikia ni mkwaruzo mwepesi usiokoma hata hujagusa breki, angalia bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Hupinda kwa urahisi wakati wa kazi, na huwa limenasa kijiwe au mchanga. Linyooshe kwa mkono.

Ukimaliza, pampu kanyagio mpaka liwe gumu kabla ya kuondoa gari. Wengine hulisahau hili na kanyagio linazama mpaka chini kwenye kona ya kwanza. Halafu zizoeshe pedi. Mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri, daladala bado chache. Nafika kama kilomita 50 kwa saa, napunguza taratibu mpaka 10 bila kusimama kabisa, naendesha kidogo zipoe, narudia mara kadhaa. Kwa ndugu zetu wa Pemba, fanyeni hili kwenye barabara iliyonyooka kabla ya kuanza kuteremka vilima na abiria.

Mlio wa asubuhi baada ya mvua, unaokwisha ukishakanyaga breki mara mbili tatu, usikutie wasiwasi. Ni kutu ya usiku mmoja inayofutika. Lakini chuma kikisaga chuma, au gari likivuta upande mmoja, lisimamishe na umwite fundi. Na baada ya safari ya kwanza ndefu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: gurudumu linalotoa joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili ndilo lenye pini iliyokwama, au pistoni, ile inayoisukuma pedi ndani ya kalipa, ulifungue tena hilo.