Mbwa jike ametoka kufungwa kizazi: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii nimeyaweka pamoja kwa sababu yote yanamhusu mbwa jike aliyefungwa kizazi. Daktari anamaliza kazi yake mezani, lakini kupona kunafanyika nyumbani kwako, na wengi wanaorudishwa kwetu na kidonda kilichofumuka walitoka mezani wakiwa salama.

Shikamoo daktari. Mbwa wangu kafanyiwa operesheni jana mchana. Tangu arudi amelala tu, anatetemeka, na ugali na dagaa hajaugusa. Nifanyeje? (Mama, Tegeta)

Marahaba, mama. Usingizi huo ni mabaki ya nusukaputi, na huchukua saa 12 hadi 24 kuisha. Mbwa aliye katika hali hiyo hupoteza joto upesi, ndiyo maana anatetemeka. Mtoe kwenye sakafu ya saruji, mtandikie gunia safi au blanketi ndani, mahali pasipo na upepo.

Ugali uache kwanza. Mpe vijiko vichache vya wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa, bila mifupa, bila kitunguu. Maji mpe kidogo kidogo. Akitapika mara moja usishtuke, na akiwa na kikohozi kikavu siku moja au mbili, ni koo tu limekwaruzwa na mrija wa kupumulia.

Sasa mfunue mdomo utazame fizi. Ziwe za waridi. Ukizibonyeza kwa kidole ziwe nyeupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta chini ukope wa jicho uangalie ndani. Ukikuta weupe, au tumbo linajaa, au anashindwa kusimama, huenda anavuja damu ndani. Hapo usingoje kuche, mpeleke saa hiyohiyo. Na zikipita saa 24 tangu arudi bila kula chochote, mpigie daktari aliyemfanyia.

Nyumbani nina paracetamol na diclofenac. Nimpe nusu kidonge atulie? (Kijana, Njiro)

Hapana, hata robo usimpe. Diclofenac na ibuprofen humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Paracetamol inaweza kumharibu ini. Zipo dawa za maumivu zinazomfaa, kama meloxicam na carprofen, ambazo daktari wa mifugo hupima kwa kilo za mbwa. Dai dawa hiyo kabla hujaondoka kliniki, na uandikiwe ni ya siku ngapi.

Nalisema hili kwa uchungu, maana bado nasikia kwamba mbwa wa kienyeji ni mgumu, haumwi. Amepasuliwa tumbo. Anaumwa ila hapigi kelele. Utamwona amekunja mgongo, anahema bila joto, anakaa nusu na kuogopa kulala chini, au anageuka ghafla ukimgusa ubavuni. Ukiona hivyo, rudi kwa daktari.

Analamba mshono. Kola ya plastiki ilimkera nikamvua. Jirani ananiambia mate ya mbwa ni dawa. (Msomaji, Nyali)

Mvishe tena leo. Mate yamejaa vijidudu, na ulimi wa mbwa unakwaruza. Usiku mmoja unatosha kung'oa nyuzi. Kola ipite ncha ya pua yake, ama sivyo atafika tu. Ikishindikana kabisa, chukua fulana ya mtoto: kichwa kipite shingoni, miguu ya mbele mikononi, kisha ikaze kwa fundo mgongoni ili kitambaa kifunike tumbo. Ifungue kila anapokwenda kukojoa, na ikilowa ibadilishe.

Angalia mshono asubuhi na jioni, penye mwanga. Kingo zigusane. Wekundu mdogo na kauvimbe kagumu chini ya uzi ni kawaida. Usaha, harufu mbaya, kingo zilizoachana, au damu inayoendelea kudondoka si kawaida.

Kwetu huku adui mkubwa ni nzi. Hutaga mayai kwenye kidonda chenye majimaji, na funza hutokea haraka mno. Kwa hiyo asilale karibu na jalala, na banda lisafishwe kila siku. Majivu, mafuta ya taa, oili chafu, spiriti: vyote hivyo usipake. Na asiogeshwe mpaka nyuzi zitolewe, yaani siku ya 10 hadi ya 14.

Siku ya tatu tu ameanza kuruka. Yeye ndiye mlinzi wetu, naweza kumwachia usiku? (Baba, Nakuru)

Usimwachie bado, mzee. Siku hizo ndizo za hatari, kwa sababu ngozi inaonekana imeshikana wakati misuli ya tumbo chini yake bado inashikiliwa na uzi. Akiruka ukuta au akigombana na mbwa wenzake, misuli ikiachia, matumbo hutokea chini ya ngozi. Mfungie kwenye chumba kidogo au banda tulivu, atoke kwa kamba kujisaidia tu, kwa siku 10 hadi 14. Mnyororo haufai, maana ataupigania. Kama alifanyiwa operesheni akiwa kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, madume yatamfuata siku kadhaa zaidi, na kupandwa wakati huu kunaweza kumfumua ndani. Mlango ufungwe vizuri.

Ni kweli atanenepa?

Akila kama zamani, ndiyo. Akishapona mpunguzie chakula takriban robo. Mbavu zake uzihisi ukimpapasa.

Binti yangu analia, anasema mbwa kahuzunika kwa kuwa hatazaa. (Mama, Morogoro)

Mwambie unyonge huo ni wa dawa, maumivu na kufungiwa, na utaisha. Mwambie pia mbwa wake hatapata usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua majike wengi wakishakuwa watu wazima. Mpe kazi: akae naye, ampe maji, akuite akiona analamba. Ila akitaka kumbeba, mkono mmoja uwe mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja. Tumbo asiliguse.