Alisema "mai", nami nangoja "maji"

Binti yetu alipokuwa na miezi 11, tulipitisha wiki mbili za vilio kila magharibi. Anakuja, ananivuta leso, "mai, mai". Mimi nafurahi: mwanangu aniita mama! Namnyanyua, nambusu, naye ndiyo kwanza analia. Jioni moja mavyaa, mama wa mume wangu, akapanda ngazi, akatutazama, akamimina maji kikombeni. Mtoto akanywa akamaliza.

"Mwana ataka mai," akaniambia, "nawe wampa busu."

Mimi mzaliwa wa Malindi. Kwetu ni maji. Hapa Amu, yaani Lamu, ni mai, kama vile jana ni yana na njoo ni ndoo. Nimelijua hilo tangu nilipoolewa, ila halikunijia kwamba mtoto niliyemzaa mwenyewe angeanza kusema upande wa nyanyake. Neno lake la kwanza lilinipita wiki mbili nzima kwa sababu nilikuwa nimeshaamua litakuwa neno gani.

Nakuandikia wewe mama wa mtoto wa kwanza, unayekaa usiku na simu kumlinganisha mwanao na wa jirani. Mtoto husema mengi kabla ya neno. Kazi ni kumsikia.

Kwetu lilianza tabasamu, siku za arubaini. Kabla ya hapo alikuwa akicheka usingizini, na kila mgeni akiniambia anachekeshwa na malaika. Tabasamu ninalolisema mimi ni la macho kwa macho: wewe watabasamu, naye akutazama kidogo kama anayefikiri, kisha anakujibu. Hilo huja karibu wiki ya 6. Wiki 6 ni siku 42, nasi tukamtoa nje siku ya 40. Sisemi wazee walikaa wakapiga hesabu, lakini zimekaribiana.

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza kwa mavyaa jambo ambalo sikuambiwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto huongeleshwa, basi nikawa redio. Namvisha nasema, namwogesha nasema, sipumui. Mtoto wa miezi 3 anageuza uso ukutani, mimi nazunguka upande wa pili na kichezeo, nakitikisa. Kumbe kule kugeuza uso ndiyo maneno yake: basi, nimechoka, nipumzishe.

Mavyaa yeye humlaza mapajani huku akichambua mchele, akamwambia jambo moja. "Leo samaki ni ghali." Kisha ananyamaza. Ananyamaza kweli, kwa muda ulionitia hata mimi wasiwasi. Mtoto anarusha miguu, anapanua mdomo, na mwishowe: "Aguu." Mavyaa anashtuka kama aliyepewa habari nzito. "Ehe! Kisha?" Ananyamaza tena. Walikuwa wakienda hivyo mpaka sinia liishe. Nilipojaribu mwenyewe nilihesabu kimoyomoyo mpaka 5 kabla ya kufungua mdomo, na mara nyingi jibu lilikuja kwenye 4. Ikiwa utachukua kitu kimoja hapa, chukua hicho. Sema kidogo, ngoja, jibu alichokuambia. Simu na televisheni hazimngoji.

Masikio yake tulipimiwa na punda wa jirani. Alikuwa akilia chini ya dirisha, na kufika miezi 4 mtoto alikuwa akizungusha kichwa kumtafuta. Siku hizi naweza kusema alisikia "simila!" ya kichochoroni, ile ya kuomba njia, kabla ya jina lake.

Miezi 7 zikaja "ba-ba-ba". Baba yake, ambaye huendesha boti kati ya Amu na Mokowe, alitangaza mpaka gatini kwamba ameitwa. Sikumvunja moyo, ila paka wa ukumbini naye aliitwa baba siku hiyo hiyo, na mto pia. Ni mazoezi ya ulimi. Jibu tu.

Kuhusu kutembea sitaki kukuchosha. Wa jirani alitembea na miezi 10, wangu 15, na hakutambaa hata siku moja: alijisogeza kwa makalio sakafu nzima. Niliambiwa mvivu, na aliyeniambia alikuwa mtu ambaye kazi yake ni watoto. Nililia. Baadaye nikasoma utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2006, wa watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, ambako wengi wetu hapa wana jamaa. Walioanza kutembea wenyewe walikuwa kuanzia miezi 8 hadi karibu 18, na kama 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa magoti na mikono kabisa. Ningeyajua hayo mapema ningelala.

Kilichonishika zaidi ya hatua ni kidole. Mwanzo alisonta kuomba: embe, kikombe, funguo. Halafu karibu na mwaka, tumekaa darini, tanga la jahazi likapita baharini. Akalisonta, akanigeukia usoni, akalisonta tena. Hakuwa analitaka. Alitaka nilione. Nikamwambia, "Naam, jahazi," akashusha mkono, ametosheka.

Usingoje kusema ukiona haya: miezi 3 na hakujibu tabasamu, miezi 6 na hageukii sauti, mwaka mzima bila "ba-ba" wala kusonta wala kupunga mkono, mwaka na nusu bila neno hata moja. Na zaidi ya yote, mtoto aliyekuwa akifanya jambo akaliacha, umri wowote. Nenda na kitabu cha kliniki, omba apimwe masikio, na ukiambiwa "ni mvivu" omba tena. Aliyezaliwa kabla ya siku zake, mhesabie kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Na unapohesabu maneno, hesabu ya nyumba nzima, si yako peke yako.

Sasa ana miaka 2. Mimi huniambia "maji". Nyanyake humwambia "mai". Baba yake, asiyeweza kungoja hata mpaka 2, humnyooshea kikombe tu, kimya.