Gawio la Alaska halitoki kisimani

SWALI: Mimi ni mkazi wa Mtwara. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu ametuma hesabu kwamba Tanzania ina gesi futi za ujazo trilioni 57, na ukizidisha kwa bei ya soko la dunia, kisha ukagawa kwa Watanzania wote, kila mmoja wetu ni tajiri. Anasema watu wa Alaska, Marekani, wanalipwa hivyo kila mwaka tangu 1982. Sasa anakusanya majina, namba za NIDA na shilingi 10,000 ya fomu ili tuingie kwenye orodha ya kwanza. Hesabu yake ni sahihi? Na sisi ambao gesi inatoka kwetu, hatustahili kupata zaidi ya wengine?

JIBU: Ndugu yangu, hesabu hiyo nimeletewa mara nyingi mno, na kila anayeileta hubadilisha bei tu. Sehemu kubwa ya hizo trilioni 57 ipo chini ya bahari, kwenye kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, na mradi wa kuisindika ili iuzwe nje umekaa mezani zaidi ya miaka kumi. Gesi tunayoitumia leo ni ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo kwa sehemu kubwa inazalisha umeme Ubungo na Kinyerezi na inauzwa kwa bei ya hapa nyumbani. Hata ile ya baharini ikianza kutoka, mwekezaji atarudisha kwanza gharama zake, ndipo kinachobaki kigawanywe kati yake na serikali. Kuzidisha trilioni 57 kwa bei ya dunia ni kuhesabu nazi zilizo juu ya mnazi kana kwamba mkwezi, gari na dalali havilipwi.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni jinsi Alaska inavyosimuliwa. Watu wanadhani mafuta yanachimbwa, yanauzwa, na fedha zinagawiwa mlangoni. Sivyo kabisa. Mafuta ya Prudhoe Bay yaligunduliwa 1968, na mwaka uliofuata jimbo likapata dola milioni 900 kwa mnada wa vitalu vya kuchimba mafuta. Fedha hizo zilitumika zikaisha, na wananchi wakabaki wanauliza zimekwenda wapi. Ndipo mwaka 1976 wakabadilisha katiba yao: angalau asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hulipa kwa kuchimba madini na mafuta, iingie kwenye mfuko ambao mtaji wake haruhusiwi mtu kuugusa. Mfuko ukanunua hisa, hatifungani (mikopo inayolipwa kwa riba) na majengo sehemu nyingi za dunia. Gawio linatokana na faida ya vitega uchumi hivyo. La kwanza, mwaka 1982, lilikuwa dola 1,000. Mwaka 2022 lilifika dola 3,284, na 2024 likawa 1,702. Hakuna anayepima mapipa yaliyotoka mwaka huo ndipo agawe.

Sasa tufanye hesabu ambayo huyo bwana hakuifanya. Alaska ina watu kama 740,000, na mfuko wao una takriban dola bilioni 80. Nyuma ya kila mtu, hata mtoto mchanga, kuna zaidi ya dola 100,000 zilizowekezwa. Sisi, kwa sensa ya 2022, ni milioni 61.7. Tuseme kesho tunapewa mfuko wao wote, mzima. Ni kama dola 1,300 kwa kila Mtanzania. Ukila asilimia 5 kwa mwaka ili mtaji usiliwe, kila mtu anapata dola 65, na hapo hujatoa hata senti moja ya darasa au dawa. Na mfuko huo hatuna.

Msinielewe vibaya. Gawio ni wazo ninaloliheshimu. Gavana Jay Hammond alilipigania akiamini kwamba mtu anayepokea hundi kila mwaka ataulinda mfuko dhidi ya wanasiasa wenye njaa, na kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Ila mwaka 2016 bei ya mafuta ilipokuwa imeanguka, gavana wa wakati huo alikata malipo karibu nusu, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikasema bunge ndilo linaloamua kila mwaka kiasi gani kilipwe. Kama Alaska kwenyewe hakuna uhakika, nani anaweza kukuuzia uhakika huo kwa elfu kumi?

Ukitaka kuona njia ya mkato inavyoishia, tazama Mongolia. Katika uchaguzi wa 2008 vyama viwili vikubwa vilishindana kuahidi fedha taslimu za madini kwa kila raia. Migodi mikubwa ilikuwa bado haijazaa, kwa hiyo serikali ikachukua malipo ya awali ya makaa ya mawe yaliyokuwa bado ardhini na kuyagawa. Kufikia 2012 malipo ya kila mwezi yalisimama, na makaa yakaendelea kuchimbwa kulipia fedha zilizokwisha kuliwa. Popote utakapomsikia mgombea anataja kiasi kabla mfuko haujajazwa, kumbuka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia.

Kuhusu Mtwara kupata zaidi: madai hayo nayaelewa, na vurugu zilizotokea kwenu 2013, watu wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, sijazisahau. Alaska nayo ilitaka kuwalipa zaidi wakazi wa zamani, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ikaufuta mpango huo mwaka 1982, wote wakalipwa sawa. Kenya ilitafuta njia nyingine. Sheria yake ya petroli ya 2019 inatenga, katika fungu la serikali, asilimia 20 kwa kaunti yenye mafuta na asilimia 5 kwa jamii ya eneo hilo, na hiyo 5 inakwenda kwenye mfuko wa udhamini, haiingii mifukoni mwa watu. Kwetu, halmashauri hupokea ushuru wa huduma kutoka kampuni za gesi. Muulize diwani wako mwaka jana ziliingia ngapi na zilifanya nini. Swali hilo lina majibu kwenye vitabu vya halmashauri.

Sheria yetu ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi ya 2015 ilianzisha mfuko, lakini haina gawio la mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo hakuna orodha, wala fomu. Usitoe hiyo elfu kumi. Kama namba ya NIDA umeshaituma, piga *106# leo uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua iripoti kwa mtandao husika.