Fundi Akikwambia "Tutoe Masega"

Juzi msomaji mmoja wa hapa Mwanza kanitumia picha ya dashibodi: taa ya njano, kiboksi chenye vidoti ndani. "Kaka, fundi anasema tutoe masega Jumatatu. Nikubali?" Masega ni matundutundu ya ndani ya chujio linalonasa masizi ya moshi wa dizeli. Nilicheka, kisha roho ikaniuma.

Mimi nilikubali. Gari la dizeli, limetoka Japani linang'aa. Nyumbani Kirumba, kazini katikati ya mji. Injini haijapata moto nimeshazima. Masizi yale huungua ndani ya chujio kwenye joto la kama nyuzi 600, na gari lenyewe huongeza dizeli ili lifike huko. Mimi kila likianza kuyaunguza, nazima. Dizeli isiyoungua ikawa inashukia kwenye oili. Nachomoa dipstiki, oili imepanda! Nikamtambia jirani kuwa gari langu halili oili hata tone.

Taa ilipowaka, fundi akakata kopo la chujio kwa grenda, akamwaga masega chini kama mkaa uliopondwa, akachomelea. Wiki ile ile kupanda kilima cha Bugando nikaacha wingu jeusi, bodaboda nyuma wanaziba pua. Taa ikarudi, gari likakataa kuvuta. Nikanunua chujio jingine la mtumba. Bei yake mke wangu anajua nusu.

Sasa kila Jumamosi naenda Magu, kama kilomita 60, mizunguko ya injini juu ya 2,000, mwendo mmoja. Nikifika nyumbani nikasikia feni inavuma na harufu ya moto, sizimi, maana masizi bado yanaungua. Nazunguka tena hadi itulie. Wala siegeshi juu ya nyasi kavu. Oili naweka iliyoandikwa C3, yaani yenye majivu machache, maana masizi huungua lakini majivu ya oili hubaki humo milele. Oili ikipanda, namwaga yote. Nozeli ya kupulizia dizeli ikivujisha, tengeneza hiyo kwanza, la sivyo utasafisha chujio kila mwezi. Taa ikiwa nyekundu usilazimishe safari, kapime kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Jamani, tunanunua dizeli kwa kusikia "inakula kidogo", halafu tunaiendesha sokoni na kanisani tu! Kama safari zako zote ni za mjini, nunua ya petroli, acha kumlaumu fundi.

Yule msomaji nimemwambia kabla ya Jumatatu ashike barabara ya Usagara hadi Misungwi, aende na kurudi bila kuzima. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.